Mkaguzi na Nyumba Iliyokohoa Mara Mbili

Yeye alitoa mizimu kwenye nyumba, mimi nikatia wapangaji. Huo ndio uliokuwa uhusiano wetu kwa miaka mingi, na sioni aibu kuusema hivyo. Mimi ni dalali wa nyumba, au kama tunavyoitwa hapa Kigali, komisioneri. Nyumba ikipata jina baya, ikawa watu wanahama kabla hawajamaliza kutundika mapazia, anayeumia wa kwanza ni mwenye nyumba na wa pili ni mimi. Kwa hiyo nilimhitaji mzee yule kuliko alivyonihitaji.

Tulimwita Mkaguzi. Kazi yake kabla ya kustaafu ilikuwa kukagua majengo, na jina likamganda. Hata mke wake alimwita Mkaguzi siku akimkasirikia, na ukimsikia anamwita kwa jina la nyumbani ujue wamepatana. Alikuwa mfupi, mkavu, na koti lake la kijivu alilivaa hata wakati wa kiangazi. Alikulia Tanzania kama wengi wetu tuliorudi, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na hakuweza kabisa kuvumilia mtu aseme "nyumba iko na muzimu." Alimrekebisha kwanza, ndipo akamsikiliza. Watu wa mtaa wa Gitega walimchukia kwa hilo, na mimi sikuwalaumu.

Alitembea na mkoba wa ngozi uliochakaa. Ndani mlikuwa na tochi, unga wa ngano uliofungwa kwenye karatasi, kikombe cha bati, na uzi mwekundu aliopewa na mafundi cherehani wa Gitega. Unga aliunyunyiza juu ya dari na pembeni ya madirisha, akarudi kesho yake kusoma nyayo za panya au paka. Kikombe alikibandika ukutani, sikio akaliweka kwenye kitako, akafumba macho. Lakini alichokiamini zaidi ni uzi. Alikata kipande cha urefu wa kiganja, akakifunga juu ya fremu ya mlango, akakiacha kining'inie. Kuna upepo mdogo ambao ngozi yako haiusikii lakini uzi unausikia, na nyumba nyingi zimenirudia mkononi kwa sababu ya uzi ule. Alipopata jibu aliufungua, akaurudisha mfukoni. "Kazi ikiisha, uzi unatoka," alikuwa anasema, kama daktari anayezungumza habari za kidonda.

Mtu asiyemfahamu angedhani kwamba mchunguzi wa mizimu anafanya kazi gizani. Yeye hakukubali kwenda popote jua likishazama. Nilimbembeleza mara moja, mwenye nyumba akiwa amekata tamaa kabisa, akanijibu bila haya, "Usiku hata mimi naogopa. Mitaro, ngazi, mbwa. Kama huyo mzimu ana shida na mimi, nitakuwepo mchana. Saa tano, baada ya chai."

Chai ya saa nne ndiyo iliyopanga siku yake. Ungeweza kumkosa kanisani, lakini saa nne ungemkuta kwake, mtaa wa Muhima, kwenye kiti cha sebuleni kinachoelekea korido, akisubiri kikombe. Mke wake alikuwa anatoka nacho jikoni akiburuza kandambili, polepole, kama mtu anayetaka ijulikane kwamba amechoka kutumwa. Shruu, kimya, shruu. Mkaguzi hakugeuza kichwa. Aliweka tu miwani mezani aliposikia zile kandambili.

Sasa, huyu mtu asiyeamini chochote alikuwa na tabia moja ambayo sikuielewa. Kila nyumba tupu aliyoingia alibisha hodi. Mimi nimeshika funguo, najua hakuna mtu, mwenye nyumba mwenyewe yuko nyuma yetu anahema, na Mkaguzi anagonga mlango, anasema "Hodi," halafu anasubiri. Si kusubiri kwa mzaha. Alisubiri muda ambao mtu mzima angehitaji kuinuka kitini. Ndipo akaingia. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, unamwambia nani hodi, na wewe unasema hakuna mtu?"

"Sijasema hakuna mtu. Nimesema sijamwona."

"Kwa hiyo unaamini."

"Siamini. Lakini adabu haingoji ushahidi."

Nilicheka, yeye hakucheka.

Kitu kingine ambacho hakukivumilia ni kumcheka mtu aliyeogopa. Kulikuwa na mama mmoja aliyepanga Muhima, akawa anasikia watu wanatembea juu ya dari. Mume wake alituhadithia akiwa amejishika mbavu, akamwigiza mke wake alivyoruka kitandani. Mkaguzi alimwacha amalize. Kisha akamgeukia mama. "Wewe umesikia nini, dada?" Akamsikiliza kwa muda mrefu, akauliza ni hatua nzito au nyepesi, zinaanzia wapi, zinaishia wapi. Tulipotoka aliniambia kwamba mwoga hadanganyi, kuna kitu amekisikia, na kazi yetu ni kujua amesikia nini. "Anayedanganya ni yule anayecheka," akasema. "Na yeye amesikia."

Kwenye nyumba hiyo hiyo alikosea, na lazima niseme, kwa maana nikiandika kwamba hakukosea mke wake atanifuata kutoka huko aliko. Alitangaza kwamba ni popo. Kwa ujasiri kabisa. Dari ikabomolewa, vumbi likajaa kwenye vyombo vya watu, popo hakuonekana hata mmoja. Walikuwa mwewe, wanashuka juu ya mabati na nyama walizopokonya buchani na kutembea huku na huko wakila. Alirudi kwa yule mama, akavua kofia, akaomba radhi kwa Kiswahili kirefu chenye vituo vyote, halafu akapanda ngazi mwenyewe kusaidia kurudisha mbao. Mwezi mzima hakutaka nimtajie mwewe.

Kimihurura alikwenda mara moja tu kwa ombi langu, kwenye nyumba kubwa ya mtu wa ofisini, yenye lango la umeme. Lango lile lilikuwa linajifungua lenyewe kila siku mchana, linakaa wazi, kisha linajifunga. Mlinzi wa kwanza alikuwa ameacha kazi. Wa pili alikuwa ametundika rozari kwenye mota. Mkaguzi hakutoa hata kikombe mkobani. Aliomba kiti cha mlinzi, akakaa barabarani akiangalia nyumba za jirani. Mchana ikaja gari, ikasimama nyumba ya pili, dereva akanyoosha mkono na rimoti yake, malango mawili yakafunguka pamoja. Jirani alikuwa anakuja nyumbani kula. Mkaguzi akamrudishia mlinzi kiti chake, na alipoona yule kijana ana haya kwa ajili ya rozari, akamwambia aiache pale pale, haijamzuia mtu kupita.

Kuna kazi aliyoikataa. Mpangaji mmoja alitaka ashushiwe kodi, akaanza kusema kwamba nyumba ina watu waliouawa ule mwaka wa tisini na nne, kwamba anawasikia. Alisema kwa sauti ya mtu anayepatana bei. Mkaguzi alikuwa ameshafungua mkoba. Akaufunga. "Hao wana watu wao," akasema, "na watu wao wapo. Usiwatumie." Akatoka bila kuaga. Toka siku ile mtu akinianzia hadithi ya namna hiyo nami namfungia mkoba.

Mke wake aliamini kila kitu. Malaika, ndoto, maji ya kuombea, hata bundi. Walikuwa wamekaa hivyo maisha yao yote, yeye akiamini kwa niaba ya wawili, mume akikataa kwa niaba ya wawili. "Huyu," aliniambia siku moja akimwaga chai, "siku ya mwisho malaika atamtokea na tarumbeta, naye atamwomba ageuke kwanza amwangalie mgongoni kama mabawa yameshonwa au yameota." Mkaguzi akajibu kwamba hilo ni swali la msingi. Mama akatingisha kichwa, akarudi jikoni, shruu, kimya, shruu. Niliwapenda watu wale. Nyumba yangu haikuwa na mazungumzo kama hayo.

Lakini nikiulizwa Mkaguzi alikuwa mtu gani, sitaji lango wala mwewe. Nataja nyumba ya Gitega, na nataja mara ya pili.

Ilikuwa nyumba ya mama mmoja mjane, Mwislamu, mwenye kiduka cha maharage na unga hapo hapo mbele. Yeye anakaa vyumba vya mbele, na chumba cha nyuma, alichokuwa analala marehemu mume wake alipougua, anapangisha. Kodi ya chumba hicho ndiyo iliyomweka mjini. Mwanawe alikuwa anataka nyumba iuzwe, mama ahamie kwake. Mama hakutaka kusikia. Basi wapangaji wakaanza kukimbia. Wote walisema jambo moja: kuna mzee anakohoa ukutani. Na majirani waliomjua marehemu walipoletwa kusikiliza waliweka mikono kichwani, kwa sababu kilikuwa kikohozi chake mwenyewe. Viwili vifupi vikavu, kisha kirefu kinachotoka chini kabisa ya kifua.

Mara ya kwanza Mkaguzi alikimaliza kwa asubuhi mbili. Gitega maji hukatika na kurudi kwa zamu. Yakikatika, mabomba yanajaa hewa, na yakirudi yanaisukuma ile hewa mbele yake. Bomba la nyumba ile lilikuwa linapanda kwenye tenki kupitia ukuta wa chumba cha nyuma, kwa hiyo hewa yote ilikuwa inakohoa mle ukutani kabla maji hayajafika. Akaita fundi, wakaweka karibu na lango vali ndogo ya kutolea hewa. Maji yakarudi, ukuta ukanyamaza. Mjane alishukuru kwa maneno machache. Nakumbuka nilimwona amesimama kwenye kile chumba kitupu, mkono umegusa ukuta, nikadhani anaangalia rangi. Nilimletea mpangaji, muuguzi, binti mtulivu asiye na neno.

Nyumba ilinyamaza msimu mzima. Halafu muuguzi akanipigia simu mchana mmoja, anaongea huku anatembea.

"Papa, ule muzee umerudi. Mimi nahama."

"Mzee gani, dada?"

"Ule wa kukohoa. Nilikuwa natoka zamu, nalala kidogo tu, akakohoa hapa, hapa kwa sikio yangu. Mimi siwezi, papa."

Mambo yakishaelezwa hayatakiwi kurudi. Nilimfuata Mkaguzi Muhima, nikamkuta anamalizia chai, nikamwambia nyumba ya Gitega imekohoa tena. Mke wake alishika msalaba wa shingoni. Yeye akavaa koti.

Alibisha hodi kama kawaida, akasubiri, akaingia chumba cha nyuma, akabandika kikombe ukutani. Kisha akatoka akaenda moja kwa moja langoni, akachuchumaa kwenye vali. Nilimwona amekaa pale zaidi kuliko ilivyohitajika. Nilipochungulia, nikaona vali imezungushiwa mpira mweusi, ule ukanda unaokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, umevutwa ukakaza, umefungwa fundo dogo safi. Hewa haikuwa na pa kutokea. Mtu alikuwa ameirudisha ukutani kwa mkono wake.

Mkaguzi alifungua ule mpira taratibu, akautia mfukoni, akaenda dukani kwa mjane, akasalimu, akaomba kilo moja ya maharage. Mjane akapima, akamimina kwenye mfuko, akavuta ukanda wa mpira kutoka kwenye msumari, akafunga. Fundo dogo safi. Mkaguzi akaweka mfuko juu ya meza ya duka, na pembeni yake akaweka ule mpira wa mfukoni. Sikujua nitazame wapi.

Mjane aliviangalia vitu viwili vile. Aliinua macho bila woga.

"Mimi najua iko bomba," akasema. "Si mimi ni mujinga, muzee. Toka siku ya kwanza nilikuwa najua iko bomba."

"Najua unajua, mama."

"Yeye arikuwa anakohoa vile vile, asubuhi, mbere ya kuniita. Anakohoa, halafu anasema, mama, leta maji ya uso. Miaka yote. Wewe ukafunga, nyumba ikanyamaza." Alikuwa anavuta kitambaa cha kichwa mbele, kukificha kipaji cha uso. "Ikanyamaza sana, maskini, disi."

Mkaguzi, mtu mwenye jibu la kila kitu, alivua miwani akaifuta kwa koti. Ile kazi aliyoifanya vizuri, aliyonihadithia mara ngapi sijui, ilikuwa imemwachia mama huyu nyumba aliyoipigania na kumnyang'anya mtu aliyekuwa ndani yake. Nilimwona anaelewa, na nilimwonea huruma.

Jumamosi ya muganda, siku ya kazi za pamoja, baada ya kufyeka na kuzibua mitaro, kikao kikafanyika uani kwa mjane. Alikuwepo mkuu wa mudugudu anayesimamia mtaa, muuguzi na mabegi yake tayari yamefungwa, mimi, na yule mwana aliyekuja na mtu wa kununua kiwanja. Hili lilikuwa ndilo jambo zima: muuguzi akihama tena kwa sababu ya mzimu, nyumba haitapangika, na mama atalazimika kuuza. Na ikijulikana kwamba mama mwenyewe ndiye anayewafukuza wapangaji wake kwa kikohozi cha marehemu, mwanawe angesema akili yake imechoka, apumzishwe. Mkaguzi alikuwa hajawahi kuficha jibu. Wote pale tulijua hivyo.

Alisimama na kofia mkononi. "Nyumba hii haina mzimu," akasema. "Ina bomba. Hewa ilizibwa langoni, ikarudi ukutani. Nimeizibua. Lakini ile vali haifai pale, nitaiondoa. Tutaweka koki hapa nje, chini ya dirisha la mama, kabla bomba halijafika chumba cha nyuma. Maji yakikatika mama ataiacha koki wazi na beseni chini yake, kama tunavyofanya sote. Hewa itatokea hapo. Chumba cha nyuma hakitasikia kitu."

"Nani aliiziba?" akauliza mwana.

Mkaguzi akavaa kofia. "Mimi nakagua nyumba. Sikagui watu."

Yule mwana akataka kuendelea, mkuu wa mudugudu akamwambia jibu limetolewa, nyumba ni nzima. Mnunuzi alikuwa ameshaanza kuangalia simu yake. Muuguzi alisema atajaribu wiki moja. Fundi akaja, koki ikawekwa chini ya dirisha la mjane, wala hakuna aliyejiuliza kwa nini pale na si jikoni.

Nilipita Gitega asubuhi moja maji yakiwa yamekatika toka juzi. Mjane alikuwa amekaa kitandani kwake, dirisha wazi, beseni tupu chini ya koki. Koki ikakohoa, viwili vifupi vikavu, kisha kirefu cha kutoka kifuani. Kisha maji. Mama akatoa kichwa dirishani, akaita majirani, "Mulete majerikani! Baba yenu ameleta maji!" Watu wakacheka, wakakimbilia madumu. Nilimhadithia Mkaguzi, nikidhani atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Chumba cha nyuma kimenyamaza?" akauliza. Nikamwambia kimenyamaza. "Basi," akasema, na tukaongea mengine. Muuguzi yupo mpaka leo.

Mke wake alifariki mwaka jana, mwanzoni mwa mvua. Nilikwenda msibani, nikamwona amekaa amenyooka katikati ya wanakwaya, anawaitikia wimbo kwa adabu bila kuimba. Nilikaa sana bila kwenda tena. Mtu kama mimi hujiambia ataenda nyumba fulani ikimalizika, halafu inakuja nyingine.

Aliyeniita ni binti yake anayefanya kazi na kuishi Kimihurura. Baba amezeeka, akasema, hawezi kukaa peke yake kwenye mteremko ule wa Muhima, chumba chake kwetu kiko tayari. Nyumba ipangishwe. "Wewe ni rafiki yake, anko, atakusikia." Nikafika asubuhi, nikamkuta anapanda ngazi za nje na mkate mkononi, amepungua, koti limekuwa kubwa. Tukafika pamoja mlangoni. Akatoa ufunguo, akaufungua mlango wa nyumba yake mwenyewe, na kabla hajaingia akasimama.

"Hodi," akasema.

Akasubiri. Nami nikasubiri nyuma yake. Kutoka korido, ndani kabisa, ikaja sauti. Shruu. Kimya. Shruu.

Nimeingia nyumba za kila namna na mtu huyu, sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, asubuhi ya jua, na mkate wa moto unanukia. Yeye aliingia tu. Aliweka miwani mezani, akaenda kuchemsha chai.

Niliangalia korido. Ulikuwa ni mlango wa jikoni. Mvua zilikuwa zimevimbisha mbao, umeshuka kwenye bawaba, chini unakwaruza sakafu. Upepo wa kutoka mteremkoni ukiingia dirisha la jikoni unausukuma kidogo, unausimamisha, unausukuma tena. Hata mimi, dalali, niliona. Randa kidogo chini, mafuta kwenye bawaba, kazi ya nusu saa kwa fundi yeyote. Na juu ya fremu ya mlango ule palikuwa na uzi mwekundu wa urefu wa kiganja, unaning'inia. Ulikuwa na vumbi, vumbi jingi, la miezi.

Akaja na vikombe viwili. Chai yake ilikuwa mbaya, majani mengi, sukari imesahauliwa. Tukainywa. Saa nne upepo ukapanda, mlango ukaburuza, shruu, kimya, shruu, na mimi nikawa nasoma uso wake. Haukuwa uso wa mtu anayedanganywa.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa. Nadhani ndicho alichokuwa anakihitaji, mtu mwingine asikie.

Nilimweleza kilichonileta. Hakubisha. Alisema binti yake ana haki, ngazi zimekuwa ndefu. Alisema nitafute mpangaji, awe mtu mzima, asiyepiga muziki. "Na sharti moja," akaongeza. "Mlango wa jikoni usiguswe. Usipigwe randa, usitiwe mafuta."

"Niwaambie wapangaji sababu gani?"

"Waambie mwenye nyumba ni mkorofi."

Nilijikaza, nikamuuliza swali ambalo mtu wa kazi yangu hakupaswa kuliuliza. "Mzee, wewe utakuwa Kimihurura. Hutausikia."

Alikuwa anautazama ule mlango.

"Sitausikia," akasema. "Lakini utakuwa unasikika."

Binti yake hunipigia kila baada ya siku chache. Anko, umepata mpangaji? Namwambia bado, masharti ya baba ni magumu, watu wa siku hizi wanataka milango inayofunga vizuri. Simdanganyi. Sijampata mpangaji, kwa sababu sijamtafuta, na mpaka apatikane Mkaguzi haondoki Muhima. Kuna mtu wa benki aliiulizia nyumba ile, mtu mzima, mtulivu, hana muziki, nikampeleka kuona nyingine.

Jana nilipita Muhima karibu na saa nne, nimebeba sukari. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa tu. Ningeweza kuusukuma. Niligonga, nikasema hodi, nikasubiri muda ambao mtu mzima anahitaji kuinuka kitini. Korido ndiyo iliyotangulia kujibu, polepole, kama mtu aliyechoka kutumwa. Baada yake nikasikia sauti ya Mkaguzi ikisema karibu.